Veturia Arudisha Walio Hai kwenye Safu Yao

Jumamosi, tarehe 18 Februari 2023. Saa moja asubuhi baridi ilikuwa nyuzi tisa chini ya sifuri, upepo wa kaskazini, theluji kavu ikipeperuka usawa wa magoti. Mabomba mawili yaliganda kijijini, la shule na la kwa Bologa.

Ilikuwa Jumamosi ya Marehemu, ile inayotangulia Kwaresima, na kanisa letu la Poiana Socilor lilijaa hadi mlangoni. Meza ya katikati ilikuwa na sahani thelathini na mbili za koliva, yaani ngano iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, kila sahani na mshumaa wake. Nilikuwa mahali pangu kwenye kiti cha waimbaji, upande wa kulia, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

Baba Ilarion alianza na walio hai. Alishika orodha kuu ya parokia, karatasi ishirini na mbili, akasoma majina akiwaombea afya na wokovu. Alipofika kwa akina Stroe akasoma, "Gherasim." Gherasim Stroe tulimzika miaka saba iliyopita. Mjane wake alimgeukia jirani yake akasema, wala si kwa kunong'ona, "Kama anarudi, aje na kitanda. Chake nilishauza."

Watu walicheka ndani ya mitandio yao, na Baba akaendelea. Ana miaka sitini na nane, macho yake ni mabovu, na husoma haraka. Baadaye akaingia kwenye sala ya marehemu, na kwa akina Pintea akasoma, "Saveta, Toader, Ilinca, uwape pumziko, ee Bwana."

Saveta Pintea, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake. Alizima mshumaa wake kwa vidole viwili, akauweka mezani kando ya koliva yake, akatoka nje. Hakuna aliyecheka.

Ibada ilipokwisha tulihesabu. Watu kumi na saba walio hai walikuwa wameombewa pumziko la milele, pamoja na Casian Bologa, mfuga nyuki na mwenyekiti wa baraza la kanisa, ambaye alikuwa kwenye ukurasa wa kumi na mbili.

Orodha hiyo ni kazi ya Veturia Sandru, anayeuza mishumaa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kanisa. Ana miaka hamsini na saba, ni mwembamba, na miwani yake huining'iniza kifuani kwa uzi wa sufu. Alifanya kazi miaka kumi na sita kama mpigachapa katika kiwanda cha samani cha mjini. Kiwanda kilipofungwa, waliruhusiwa kununua walivyotaka kwa bei ya chuma chakavu. Wengine walichukua viti na misumeno. Yeye alichukua mashine yake ya kuchapa, akaipakia kwenye kiti cha basi na kuilipia nauli yake.

Kwa mashine hiyo alichapa orodha ya parokia kila mwaka kwa miaka ishirini. Kwingine kila familia huleta karatasi yake, na padri hubaki akisoma miandiko ya wajukuu. Kwetu kuna orodha moja, familia mia mbili na kumi na nne: jina la ukoo, nambari ya nyumba, walio hai, marehemu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliye hai aliyewahi kuangukia kwa marehemu. Vuli iliyopita mtu wetu anayefanya kazi Italia aliiletea parokia kompyuta na printa, na kwa mara ya kwanza Veturia akaiandika orodha humo.

Jumatatu baraza lilikaa katika ofisi ya parokia. Veturia alileta nakala yake mwenyewe, aliyoichapisha mwezi wa kwanza. Safu zilikuwa zimenyooka kama ukuta. Kando yake Casian aliiweka ile ya Baba.

"Karatasi hizi ni mama mmoja baba mbalimbali," alisema. "Veturia, tueleze. Mimi ni marehemu, nina muda wa kusikiliza."

Veturia alizitazama kwa muda mrefu. "Baba, ulizigusa herufi?"

"Nilizikuza," alisema Baba Ilarion. "Zilikuwa kama mbegu za mpopi. Nilifungua faili kwenye kompyuta yangu, nikakuza, nikachapisha. Sikuhamisha jina hata moja, binti yangu."

"Hukuhamisha. Yamehama yenyewe."

"Tazama miujiza," Casian akasema. "Na wafu wametembea."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Ili kuyafikisha majina kwenye safu zake, Veturia alikuwa amebonyeza kitufe kirefu cha nafasi, mara kumi hapa, mara kumi na saba pale, hadi jicho liridhike. Kwenye mashine ya zamani kila herufi na kila nafasi ina upana mmoja, kwa hiyo hesabu hukaa. Kwenye kompyuta kila herufi ina upana wake. Baba alipozikuza, majina yalisukuma nafasi, nafasi zikasukuma majina mengine, na wa mwisho katika walio hai wakajikuta chini ya kichwa cha marehemu. Marehemu waliokosa mahali walivuka mwisho wa mstari, wakaangukia chini, upande wa walio hai.

Casian alikuwa amekuja na jibu lake tayari. Mjini kuna ofisi inayotengeneza orodha za aina hiyo, kwa karatasi nzito, na jalada. "Wenzetu wa bondeni wamewapa hao orodha yao. Hakuna aliyezikwa kwa makosa."

"Na watu wa mjini watajua kwamba kwa akina Pintea Ilinca ni wawili, mmoja hai na mmoja marehemu?" Veturia aliuliza.

"Watajifunza."

Baba Ilarion alisugua macho. Majina ya Kwaresima yangesomwa kwa mara ya kwanza Jumamosi ya tarehe 11 Machi. Aliamua hivi: Veturia aitengeneze upya, na yeye Baba ataikuza kama apendavyo, kwa sababu macho yake hayatapona kwa ajili ya orodha. Ikishikilia, kazi ni ya Veturia kama zamani. Jina moja tu likihama, orodha inakwenda mjini.

"Naweza kuichapa kwenye mashine yangu ya zamani," alisema Veturia.

"Kwa herufi zile ndogo? Mwaka jana niliwasoma nusu kwa kukisia, Mungu anisamehe."

Hilo Veturia hakuwa amelijua.

Kabla ya kwenda nyumbani alipita kwa Saveta. Alimkuta amelala chali kitandani saa tisa mchana, amevaa nguo zake za kuzikiwa, zile ambazo kila bibi kwetu huziweka sandukuni tayari: blauzi nyeupe, sketi nyeusi, soksi mpya. Mkwe wake Zenovia alikuwa jikoni akichambua maharage na uso wa mtu aliyechoka.

"Shangazi Saveta, shikamoo."

"Usinisalimie. Nimeshasomwa."

"Ni kosa langu, shangazi. Ni karatasi tu."

"Karatasi uliandika wewe, lakini aliyesoma ni padri, na mlango wa madhabahu ulikuwa wazi. Huko juu wanasikia sauti, hawaulizi karatasi." Alivuta sketi kiunoni. "Halafu zinanibana. Nilizishona nikiwa na miaka sabini. Nitazikwa kama soseji."

"Basi subiri tuzipanue."

"Nasubiri Jumamosi ya Kwaresima. Nitakuja nisikie kwa masikio yangu niko upande gani. Nikiwa upande ule tena, sirudi nyumbani. Nitakaa hapo hapo kwenye kaburi la Toader, mniletee blanketi."

Kutoka jikoni Zenovia akasema, "Dada Veturia, nakuomba, fanya hiyo kazi vizuri. Mimi siwezi kumpikia marehemu mara tatu kwa siku."

Veturia alianza kazi siku iliyofuata, katika ofisi ya parokia, mara tu alipowasha jiko la kuni. Niliyoyaandika hapa kuhusu siku hizo alinieleza mwenyewe, kwa utaratibu, na mengine aliyarudia nilipomwomba.

Alianza na kitu kilichomkera tangu vuli. Kwenye mashine ya zamani kulikuwa na kitufe cha kurukia. Nyuma ya gari la mashine, yaani kile kipande kinachobeba karatasi, kuna reli yenye meno. Unasogeza gari hadi unapotaka, unabonyeza, na jino dogo la chuma linainuka. Tangu hapo, ukigonga kitufe cha kurukia, gari linakimbia na kusimama palepale, kila mara, hata ukiwa umefumba macho. Kiwandani aliweza kuchapa jedwali la safu sita huku akila tufaha. Kwenye kompyuta pia kuna kitufe hicho, upande wa kushoto, kimechorwa mishale miwili. Alikigonga siku ya kwanza kabisa. Kiliruka kidogo tu, kama upana wa kidole, kisha kidogo tena, kisha kidogo tena, bila kujali yeye anataka wapi. Akadhani ni kitu cha kuchezea, akarudi kwenye kitufe kirefu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na anasema alilifanya kwa kiburi: hakutaka kumwuliza mtu jambo alilolijua tangu akiwa na miaka kumi na minane.

Asubuhi hiyo aliacha majina, akaitazama skrini yenyewe. Juu ya ukurasa kuna rula yenye sentimita. Aliigusa kwa kipanya mahali pa sentimita nane ili tu aone itafanya nini. Alama ndogo nyeusi, kama pembe ya fremu, ikasimama pale. Akagonga kitufe chenye mishale. Kijistari kinachowakawaka mahali pa kuandikia kikaruka moja kwa moja hadi sentimita nane kikasimama chini ya alama.

"Nilisikia kengele ya mashine yangu," aliniambia. "Haikuwepo, lakini niliisikia."

Lilikuwa lile jino la chuma. Walikuwa wamelihamisha tu kutoka nyuma ya mashine wakalileta juu ya karatasi.

Kutoka hapo haikuwa rahisi kama inavyosikika. Aliweka alama nyingine mbili, yaani kituo cha pili na cha tatu, akashuka kwenye mstari wa chini uliokuwa umeshaandikwa, akagonga, na kitufe kikaruka upana wa kidole kama zamani. Alikaa na hilo hadi saa sita. Mwishowe aligundua kwamba vituo vinashika pale tu ulipo. Kama maandishi yapo tayari, lazima uyachague yote kwanza, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ndipo uweke vituo. Aliandika hilo kwenye kipande cha karatasi akakibandika ukutani chini ya kalenda ya parokia. Chini yake akaandika sheria ya mwalimu wake wa uchapaji: kabla ya kuweka vituo vyako, ng'oa vya aliyekutangulia.

Nambari za nyumba zilimpa taabu nyingine. Nyumba ya 7, ya 88 na ya 190 zilipoanzia mahali pamoja, ncha zake zilikuwa kama meno ya mtoto. Aligundua kwamba kwenye kona ya rula kuna alama ndogo inayobadilika umbo ukiigusa, na moja ya maumbo hayo hufanya maandishi yaegemee kulia, yaani yamalizikie kwenye kituo badala ya kuanzia hapo. Akaitumia hiyo kwa nambari. Saba ikasimama juu ya nane, nane juu ya sifuri.

Kisha akaja kwenye jambo lenyewe. Hata kwa vituo, majina ya walio hai wa nyumba moja yakiwa kwenye mstari mmoja, na herufi zikikuzwa, yatakipita kituo cha marehemu, na kitufe kitarukia nje. Kituo hakizuii jina refu. Alilitafakari siku mbili. Alitafuta jina refu kuliko yote parokiani, akalikuta ni Constandina wa nyumba ya 41. Akaliandika kwa herufi kubwa kuliko ambavyo padri yeyote angezihitaji, akalipima kwenye rula: sentimita tano na nusu. Akaweka vituo vyake kulingana na Constandina. Na akaamua kwamba kila mstari utabeba mtu mmoja aliye hai na marehemu mmoja tu, hata nyumba ikiwa na watu tisa.

Orodha ya zamani haikuweza kurekebishwa. Ilikuwa imejaa nafasi kama shati lililoliwa na nondo. Aliiandika upya yote, familia mia mbili na kumi na nne, kwa siku tisa, muda wa saa tatu kila siku. Hakubonyeza kitufe kirefu hata mara moja kati ya safu na safu. Kulikuwa na kialama cha kuonyesha kila nafasi kama nukta na kila mruko kama mshale, na kila jioni kabla hajazima alipitia kurasa akitafuta nukta. Siku ya nne alikuta moja, kwa akina Stroe, mbele ya Gherasim. Akaifuta.

Ijumaa, tarehe 10 Machi, mawingu, nyuzi nne, theluji ikiyeyuka kwenye paa la ofisi. Baba Ilarion alifungua faili kwenye kompyuta yake, Casian amesimama nyuma yake na kofia mkononi, Veturia karibu na jiko. Nilikuwepo kwa sababu nilileta kuni.

"Kurasa arobaini na moja," alisema Casian. "Zilikuwa ishirini na mbili. Umewapa vyumba?"

"Marehemu wameshabanwa mara moja," alisema Veturia. "Inatosha."

"Sasa nazikuza," alisema Baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Akachagua yote, akapandisha herufi kutoka kumi na mbili hadi kumi na sita. Majina yalivimba. Safu hazikutikisika.

"Endelea, Baba," alisema Veturia.

Kumi na nane. Kurasa ziliongezeka, lakini walio hai walikaa chini ya walio hai.

"Badilisha pia aina ya herufi," alisema Casian. "Ile nene. Tusidanganyane."

Baba akabadilisha. Herufi zilikuwa nene kama za matangazo ya mnada. Constandina alisogea hadi karibu kabisa na kituo cha marehemu, na hapo akasimama. Nafasi iliyobaki ingetosha kuingiza kisu tu, lakini ilikuwepo.

Casian aliinama, akaweka kidole kwenye skrini, akafuata safu kutoka juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akajikuta. Bologa, nyumba 112, Casian, upande wa walio hai.

"Karibu nyumbani, Bwana Casian," alisema Veturia.

Casian alivaa kofia, akaivua tena, akamwuliza Baba kama karatasi zipo za kutosha.

Jumamosi, tarehe 11 Machi, jua tangu asubuhi, nyuzi mbili, njia ya kanisani matope matupu. Saveta alifika mapema kuliko wote, amevaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi, na Zenovia nyuma yake amebeba koliva na blanketi. Lile blanketi kila mtu aliliona. Veturia alikuwa kwenye meza yake ya mishumaa. Alikuwa amemrudishia mtu chenji mara mbili kwa mshumaa mmoja, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Baba Ilarion alisoma polepole. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuinua karatasi hadi puani. Akina Stroe walipita, na Gherasim hakutajwa kati ya walio hai. Nyumba ya 85, ya 86, ya 87.

"Pintea," alisoma. "Zenovia. Ambrozie. Ilinca. Saveta."

"Nipo," alisema Saveta, kwa sauti ya darasani.

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenda hadi mlangoni na kurudi. Baba alingoja kimalizike. "Tumesikia, mama," akasema, akaendelea na nyumba ya 89.

Lakini Saveta hakuwa amemaliza. Sala ya marehemu ilipoanza alisogea mbele hatua mbili, akafungua vidole vya mkono wa kushoto, akamngoja. Baba akasoma, "Toader. Ilinca." Saveta alikunja vidole viwili, akabaki ameshika cha tatu. Baba akasoma ukoo uliofuata. Saveta akakiachia kile kidole, akafanya ishara ya msalaba, akachukua mshumaa mwingine kwenye kifurushi chake, akauwasha. Hakuna jina lililohama, la aliye hai wala la marehemu, katika familia zote mia mbili na kumi na nne. Nilifuatisha kwa nakala yangu.

Nje, mikono imejaa mkate na koliva, watu walimzunguka Veturia kana kwamba ni bibi harusi. Saveta alimshika kiwiko.

"Nguo hizi nitazipanua," alisema. "Naona zitakaa sandukuni bado."

"Zipanue sana, shangazi."

Mjane wa Gherasim alimbusu mashavu yote mawili. Baba Ilarion alitangaza pale pale kwenye ngazi kwamba orodha inabaki kwa Veturia, na kwamba mwaka huu amewasoma watu wote bila kumkisia hata mmoja. Casian alingoja hadi wengi walipoondoka.

"Kuna orodha yetu ya wafuga nyuki," alisema akitazama viatu vyake. "Mizinga, malkia, mwaka wa malkia. Inahamahama kidogo."

"Unabonyeza kitufe kirefu?"

"Kila mtu anabonyeza kitufe kirefu."

"Basi Jumatatu saa nne, Bwana Casian. Na uje na jina la mfugaji mwenye jina refu kuliko wote."

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, kulikuwa na ukungu na nyuzi moja. Veturia alipofika saa kumi na mbili na nusu kuwasha jiko, alikuta wanawake watatu wa parokia ya bondeni, ile ile inayoandikiwa mjini, kwenye ngazi, kila mmoja na daftari la majina kifuani, wamekuja kuuliza kama yeye huwaandikia pia watu wasio wa kwetu. Aliwakaribisha ndani, akayapokea madaftari, akasoma kwanza majina yote hadi akalipata lililo refu. Kisha akawasha kompyuta, akafungua ukurasa mpya, akang'oa vituo vilivyokuwepo, akaweka vyake vitatu kwenye rula kabla ya kuandika mtu hata mmoja.